Hapakuwa na Umati

Sarang'ombe, Kibera
20 Januari 1997

Kalekye,

Sasa? Natumaini barua hii haitakufikia ikinuka omena sana. Nimempa jirani yetu Mama Jentrix, anayepeleka samaki soko la Kawangware kila Jumanne na Ijumaa. Anasema anapita karibu na saluni unayosukia, na kwamba ataiweka kwenye mfuko wa aproni, mbali na samaki. Sikuwa na nguvu ya kumwambia kwamba huo ndio mfuko anaopangusia mikono.

Kalekye, wameichukua hadithi yangu. Mwalimu wetu wa Kiswahili aliituma bila kuniambia kwa kamati inayotengeneza kitabu cha hadithi za wanafunzi. Sasa mhariri wao, Bwana Ephantus, ameniandikia kwamba walipokea hadithi mia mbili na zaidi wakachagua kumi na mbili, na "Ajuza wa Nyuzi" ni mojawapo. Kitasomwa na watoto wa shule za msingi kuanzia darasa la tano. Niliisoma barua yake nimesimama, kisha nikanyamaza nayo siku nzima. Unanijua. Mama ndiye aliyeona bahasha, na kufikia Jumapili kanisa lote lilikuwa na habari.

Sasa nakuomba kitu. Wanataka nakala safi kabla ya mwisho wa Februari, na wewe unaujua mwandiko wangu. Ni wewe uliyeinakili mara zote tatu: ya mwalimu, ya ubao wa matangazo na ile ya paredi. Bado naiona siku hiyo. Marion anasoma mbele ya shule nzima kwa sababu mimi nilikataa kusimama. Alipofika pale ajuza anasokota nyuzi za sweta ya mtoto kwenye paja lake huku akinong'ona "Dhandhatumuonzanyanya", wasichana walipiga mayowe. Na umati ulipovunja mlango wa ajuza, wakapiga makofi mpaka mwalimu akainua mkono. Mimi nilikuwa nimejificha nyuma yako.

Hakuna anayeijua hadithi hiyo kama wewe. Utaninakilia?

Rafiki yako,
Celine


Kawangware 46
26 Januari 1997

Celine,

Barua ilifika, na omena pia. Hongera. Nimeliandika neno hilo kwanza ili usije ukasema sikulisema.

Sitainakili.

Nimekaa siku kadhaa nikitafuta uongo mzuri: mkono unaniuma, saluni ina kazi nyingi, karatasi zimeisha. Nimechoka kutafuta. Nitakuambia tu.

Thanthatu, muonza, nyanya. Ni Kikamba. Maana yake ni sita, saba, nane. Huo ndio uchawi wa ajuza wako. Alikuwa anahesabu nyuzi. Mwanamke anayefuma kiondo lazima ahesabu, la sivyo kiondo kinakwenda upande. Wewe uliyaunganisha maneno matatu ukayafanya moja, na shule nzima ikatetemeka kwa sababu ya nane.

Nilijua siku ile ya kwanza uliponipa daftari. Nilifika hapo nikaweka kalamu chini nikakutazama. Ulikuwa unanikodolea macho kama mtu anayengoja kuambiwa chakula kimeiva. Nikaishika kalamu nikaandika. Mara tatu.

Unakumbuka baada ya paredi? Mimi nilikuwa Mkamba pekee darasani, na hakuna aliyejua yale maneno ni ya lugha gani, lakini kiondo cha ajuza wako walijua ni kikapu cha Wakamba. Nikaitwa Dhandhatu mpaka tukamaliza shule. Mtu akikosa soksi kwenye kamba ya nguo, "muulizeni Dhandhatu". Mtu akiumwa na tumbo, "umemroga lini, Dhandhatu?" Na mimi nilicheka kuliko wote. Niliwafundisha hata namna ya kuyanong'ona vizuri. Niliogopa kwamba nisipocheka watanyamaza, na wakinyamaza wataanza kuniangalia sawasawa.

Sasa tumemaliza shule, na hakuna tena ninayelazimika kumchekea. Lakini kitabu hicho kitaingia darasa la tano, na katika kila darasa kutakuwa na Mkamba mmoja. Huyo naye nani atamfundisha kucheka?

Usije kunieleza. Ukija utainamisha kichwa nami nitakuhurumia, na sitaki kukuhurumia. Andika. Hiyo ndiyo kazi unayoiweza.

Kalekye


Sarang'ombe
30 Januari 1997

Kalekye,

Nimeisoma barua yako mara nyingi, na kila mara nimekasirika mahali tofauti.

Sikujua ni Kikamba. Nilidhani ni sauti tu, maneno ya kutisha yasiyo na maana. Na hakuna mahali nimeandika "Mkamba". Tafuta. Ajuza wangu hana kabila. Ni hadithi, Kalekye, na katika hadithi lazima awepo mwovu, na mwisho mwovu lazima aadhibiwe. Ndivyo tulivyofundishwa, na wewe ulipata alama nzuri kama mimi kwa kuandika hivyo hivyo. Umati ni umati tu, uko katika kila hadithi.

Hata hivyo naweza kubadilisha. Nitaondoa yale maneno niweke mengine yasiyo ya lugha yoyote. Kiondo nitakifanya kikapu. Ukitaka nitamfanya Mjaluo kabisa. Kwetu pia tuna neno letu la mchawi, jajuok, na watu wanaoitwa hivyo wapo. Itatosha?

Na kama uliumia, kwa nini hukusema? Tulikaa dawati moja miaka miwili. Mwenye mdomo ni wewe, si mimi. Mimi hata kuomba ruhusa ya kwenda msalani nilikuomba wewe uniombee.

Unajua ni mara ya kwanza watu wananisimamisha njiani kuniuliza kitu, na mimi nina cha kujibu? Wazee wa kanisa wananiita mwandishi. Mama anatembea mbele yangu kama anayefungua njia. Usininyang'anye hilo kwa sababu ya maneno matatu.

Celine


Kawangware 46
5 Februari 1997

Celine,

Mfanye Mjaluo, sawa. Kisha umsomee mama yako, utazame atapiga makofi wapi.

Nina swali moja, na usipolijibu usiniandikie tena.

Susu yangu, yaani nyanya yangu mzaa baba, anaitwa Kavutha Ndululu. Alikaa Kibera mpaka mwaka 1987. Mimi wakati huo nilikuwa Kitui, sikuona kitu, nasema nilichosikia. Alikuwa anafuma viondo. Aliwaomba majirani sweta kuukuu, akazifumua, akachanganya zile nyuzi na katani ili kiondo kipate rangi. Wanawake wengi wa kwetu hufanya hivyo. Siku moja watu wa ploti walivunja mlango wake. Walisema amechukua sweta ya mtoto ili ammalize mtoto kupitia nyuzi. Alifika hapa kwa baba akiwa na kiatu kimoja. Vidole viwili vya mkono wake wa kulia havijanyooka tena mpaka leo. Hasokoti.

Nyumbani hatuisemi habari hii. Baba amekataza. Hakuna mtu wa nje anayeijua.

Katika hadithi yako sweta ni ya kijani na ina mfuko mmoja mbele. Jana nilimuuliza Susu, kama mtu anayeuliza jambo la kupitisha muda, sweta ile ilikuwaje. Akasema ya kijani. Mfuko mmoja, mbele.

Nani alikuambia?

K.


Sarang'ombe
17 Februari 1997

Kalekye,

Hakuna aliyeniambia. Ilikuwa sweta yangu.

Mama Jentrix amepita mara tatu akiniuliza kama nina barua ya Kawangware, na mara tatu nimemwambia sina. Leo ninayo.

Nilikuwa na miaka minane. Tulikaa ploti moja, mlango wake wa tatu kutoka kwetu. Sikujua kwamba anaitwa Kavutha. Watoto tulimwita Mama Kiondo. Nilimwogopa kabla hajanifanyia lolote. Nyuzi za kiondo ambacho hakijaisha zilining'inia kama nywele za mtu aliyeinamishwa kichwa. Alipaka majivu pajani akasokota katani hapo hapo juu ya ngozi, mpaka ngozi ikang'aa kama mkanda wa kiatu. Tena alikuwa akinong'ona. Mama alitukataza kuingia kwake.

Niliingia. Nilikaa mlangoni kwake siku nyingi baada ya shule, nikitazama, wala hakunifukuza. Siku moja akaniuliza kama kwetu kuna sweta kuukuu. Yangu haikuwa kuukuu. Mama aliifuma mwenyewe kwa sindano, akaimaliza wiki ya Krismasi. Lakini nilitaka kuuona uzi wangu ukizunguka kile kiondo, na hakuna mtu aliyewahi kuniomba kitu kabla ya hapo. Nikaivua nikampa. Aliigeuza mikononi, akaniuliza kama mama anajua. Nikasema ndiyo. Huo ulikuwa uongo wa kwanza.

Kesho yake mama akauliza sweta iko wapi. Mkono wa mama ni mzito. Nikasema Mama Kiondo ameichukua. Huo ulikuwa wa pili.

Wiki hiyo hiyo ndugu yangu Billy, aliyekuwa bado ananyonya, akapata homa mpaka macho yakageuka. Ilikuwa malaria tu. Alitibiwa akapona, na leo anacheza mpira hapo nje. Lakini siku ile majirani walijaa nyumbani, na mama akaniuliza mbele yao: yule mama anaifanyia nini ile sweta? Nikasema anaitoa nyuzi, na anasema maneno. Wakauliza maneno gani. Kalekye, mimi nisiyeweza kusoma hadithi yangu mwenyewe kwenye paredi, siku ile nilisema. Niliigiza na sauti yake. Watu wazima wote walininyamazia wakinisikiliza, na nilipenda.

Yaliyofuata niliyasikia nikiwa chini ya kitanda.

Miaka kumi nimejiambia kwamba nilikuwa namwogopa yeye. Si kweli. Kwanza niliogopa mama akijua kwamba niliitoa sweta kwa hiari yangu. Baadaye, nilipopata akili, niliogopa kitu kimoja tu, kwamba yeye hakuwa mchawi. Kwa sababu kama alikuwa mchawi, basi mimi ni mtoto aliyemwokoa ndugu yake. Kama hakuwa, mimi ni nani? Ndiyo maana niliandika ile hadithi. Nilimfanya mchawi kwa kalamu ili nipate kulala. Kisha nikampiga tena, na safari hii shule nzima ikapiga makofi.

Sikujua kwamba ni Susu yako. Lakini kwamba ni mtu, nilijua.

Msomee barua hii. Usipunguze kitu.

Celine


Kawangware 46
24 Februari 1997

Celine,

Nimemsomea, nikitafsiri sentensi kwa sentensi. Alikuwa anachambua pojo kwenye ungo, na hakuacha kuchambua. Nilipofika pale pa sweta alisema tu, "Nilimuuliza kama mama yake anajua." Basi. Anakukumbuka. Anasema ulikuwa unakaa ukikumbatia magoti, na kwamba ulikuwa mtoto mtulivu.

Kisha akataka nimsomee hadithi yenyewe. Sikutaka. Nakala ya ubao wa matangazo ninayo, niliibandua siku tuliyofunga shule na sijui kwa nini niliiweka. Nikamsomea. Alinisimamisha mara tatu, na ameniagiza nikuandikie yote matatu kama alivyoyasema.

Kwanza aliuliza ajuza ni nani. Nikamwambia ni mwanamke mzee sana. Akasema wakati ule alikuwa na miaka hamsini na miwili, na alikuwa na jina, na waliomvunjia mlango walikuwa wamemsalimu kwa jina hilo asubuhi yake.

Mara ya pili aliuliza umati ni nini. Nikasema ni watu wengi mno, hata hawahesabiki. Safari hii mikono yake ilisimama. Akasema, "Hapakuwa na umati. Walikuwa watu kumi na mmoja." Akanitajia mmoja mmoja, baba fulani, mama fulani; majina yote nimekuandikia nyuma ya karatasi hii. Wanne kati yao walikuwa na viondo alivyofuma yeye, na mmoja alikuwa amekitundika chake begani saa ile ile. Akasema umati haupiki. Lakini wale walirudi kila mtu nyumbani kwake wakapika, naye alisikia harufu ya vitunguu akiwa bado amelala pale chini.

La tatu nilitaka kulificha. Nikamwambia sitaliandika. Akasema kama ninachagua cha kukuambia, basi na mimi natunga hadithi. Kwa hiyo ndilo hili. Mama yako hakumpiga. Mama yako alisimama mlangoni ili Susu asitoke.

Usiniulize kama amekusamehe. Nilimuuliza, akasema anataka kwanza kuisikia ikiwa imeandikwa vizuri.

Na mimi, kama unataka kujua, nimekukasirikia na bado ni rafiki yako. Sijui nifanye nini na hayo mawili, kwa hiyo nayabeba yote.

Niliyecheka pia nimo. Ukiandika upya, usiniache.

Kalekye


Ofisi ya Kamati ya Kitabu
Nairobi
7 Machi 1997

Kwa Bi. Celine Obonyo,

YAH: HADITHI YAKO "AJUZA WA NYUZI"

Tulipokea nakala yako mpya tarehe 28 Februari, ikiwa na kichwa kipya, "Kavutha Ndululu". Kamati imeisoma kwa makini, na tunakupongeza kwa bidii yako.

Hata hivyo, tunasikitika kukuarifu kwamba nakala hiyo haifai. Ya kwanza ilikuwa na msisimko, fumbo na funzo. Katika hii mpya mchawi si mchawi, msimulizi ni mwongo, wasichana wa shule wanachekea wasichokijua, na umati umegeuka majirani kumi na mmoja wenye viondo. Msomaji wa darasa la tano atamchukia nani? Isitoshe, huu ni mwaka wa uchaguzi, na kamati inaona si busara kugusa mambo yanayohusu jamii mbalimbali.

Tunapendekeza tuchapishe nakala ya kwanza, tukibadilisha kiondo kiwe kikapu. Maneno ya uganga yabaki, kwa kuwa yanapendeza masikioni.

Tafadhali tia sahihi fomu iliyoambatishwa uirudishe kabla ya tarehe 15. Wewe ni chipukizi mwenye kipaji. Usikiharibu kwa kujihoji kupita kiasi.

Wako katika kazi,
Ephantus M.
Mhariri


Sarang'ombe, Kibera
10 Machi 1997

Bwana Ephantus,

Nimeipokea barua yako. Fomu nairudisha bila sahihi.

Hadithi ya kwanza ni uongo, na aliyeudanganya ulimwengu ni mimi, kwa hiyo nadhani nina haki ya kuizuia. Naomba msiichapishe, si kwa kiondo wala kwa kikapu.

Umeuliza msomaji atamchukia nani. Nimelifikiria swali hilo siku mbili. Mimi nilipokuwa mtoto nilipewa mtu wa kumchukia, na nilimchukia vizuri sana, na mtu huyo leo hawezi kunyoosha vidole viwili vya mkono wa kulia. Kama ni lazima mtoto wa darasa la tano amchukie mtu, anichukie mimi. Nimemwekea jina langu pale.

Yale maneno yanayopendeza masikioni maana yake ni sita, saba, nane. Mkiyachapisha kama uganga nitakwenda shule moja baada ya nyingine kuwaeleza watoto. Mimi ni mtu wa haya, Bwana. Muulize mwalimu wangu. Sijawahi kusimama mbele ya darasa nikamaliza sentensi. Lakini nitakwenda.

Sijihoji kupita kiasi. Nimechelewa miaka kumi.

Celine Obonyo


Sarang'ombe
16 Machi 1997

Kalekye,

Kitabu kitatoka na hadithi kumi na moja. Bwana Ephantus alimpigia simu mwalimu wetu akalalamika kwamba nimeharibika, na mwalimu akaja mpaka nyumbani kuniangalia kama ni kweli. Nilimpa nakala mpya akaisoma amesimama. Aliponirudishia alisema yeye ndiye aliyeipa ile ya kwanza alama thelathini na tisa juu ya arobaini. Nadhani alikuwa anajiambia mwenyewe.

Ya mama sikukuandikia mapema kwa sababu sikujua nianzie wapi. Nilimsomea Jumanne, akiwa anafuma. Alivumilia vizuri, hata pale pa uongo wangu, mpaka nilipofika kwenye sentensi inayosema, "Mama alisimama mlangoni." Akaweka sindano chini.

"Nilisimama wasiingie wengine," akasema.

Nikamwambia Susu anasema alisimama ili yeye asitoke.

"Mlango ni mmoja, Celine."

Kisha akaniambia nifute. Akaniita nyathina, mtoto wangu, kama anavyoniita nikiwa mgonjwa, akaniuliza atapita vipi kanisani baada ya kutangaza kitabu kwa kila mtu. Ile hofu ya zamani, ile ya sweta, ilinirudia, na nikajua kwamba kama nikifuta leo nitakuwa na miaka minane mpaka nizeeke. Nikamwambia sifuti. Safari hii nilimaliza sentensi. Nikamwambia sikuandika kwa nini alisimama, kwa sababu sijui, nilikuwa chini ya kitanda. Imeandikwa tu kwamba alisimama. Kama ana sababu, aliyestahili kuisikia ni yule aliyekuwa ndani. Siku tatu hakusema nami ila kuniambia chakula kiko tayari.

Jumamosi asubuhi nilitoka na karatasi zangu nikaenda kwenye mfereji, ploti yote ikifua nguo. Kati ya wale kumi na mmoja, watano bado wako hapa. Nilijua nikiwaambia nataka kuwasomea kitu watasubiri hadithi ile ya makofi, basi sikusema kitu, nikaanza tu. Aya ya kwanza nadhani hawakuisikia, sauti haikutoka. Mtu akasema, paza sauti, mwandishi, sabuni inapiga kelele. Wakacheka. Nikapaza.

Nilipofika kwenye jina lake, kicheko kiliisha. Baba Ian, anayeshona viatu hapo langoni, alisema kwa sauti kwamba mtoto huyu alipelekwa shule kusoma, akarudi na kesi. Wanawake wawili walijitwika beseni wakaondoka, nguo zikiwa bado na povu. Mtu mwingine akauliza, si yalipita hayo? Nikaendelea kusoma. Nilisoma yangu yote, niliyosema na nilivyoyaigiza. Sikuwatazama, lakini sikuinamisha kichwa pia. Nilitazama karatasi, nadhani hiyo inaruhusiwa.

Nilipomaliza hakuna aliyepiga makofi. Mama Nabwire, ambaye unajua jina lake kutoka kwa Susu, alikuwa amesimama na shati moja mkononi analikamua, na halikuwa na maji tena.

"Kumi na mmoja?" akaniuliza. "Mimi nilidhani tulikuwa wengi."

Nikamwambia Susu aliwahesabu. Akalianika lile shati, akarudi akafua nguo zilizobaki, na alipomaliza akaja mlangoni kwetu kuniuliza kama mkono wa Kavutha ulipona. Nikamwambia haukupona. Akasema ahaa, akaenda zake. Sijui ataifanyia nini habari hiyo. Si juu yangu tena kumfanya ajisikie vizuri, wala vibaya.

Matokeo ya mtihani yametoka, nimepata B ya Kiswahili. Nimecheka peke yangu.

Nitakuja Jumamosi hii, saa nne asubuhi. Mama amesikia siku na saa, lakini hajasema kama atakuja. Akija, aseme ya kwake kwa mdomo wake, mimi sitamsemea na sitamkatiza. Asipokuja nitakuja peke yangu kwa miguu. Mwambie Susu siji kuomba kitu, wala asinipikie. Nakuja kumsomea hadithi yake. Mahali nilipokosea anisimamishe, nitaandika tena hapo hapo mbele yake, hata ikiwa mara kumi.

Waite na majirani zenu wanaotaka kusikia. Safari hii sijifichi nyuma yako. Nitasimama nisome mwenyewe.

Celine